Kwa nini watoto wachanga hushtuka wanapoingia usingizini

Swali hili mimi huulizwa kutoka pande mbili. Watu wa nyumbani Mombasa na Malindi huniuliza kwa simu, na akina mama wa huku Meru huniuliza ana kwa ana, kwa kuwa kazi yangu ni uuguzi katika kliniki ya watoto. Maelezo yao ni yale yale. Mtoto ameshanyonya, ameshiba, macho yanaanza kufumba, mara mkono unaruka, au mguu unapiga teke, au mwili mzima unagutuka kama aliyemwagiwa maji. Dakika mbili baadaye midomo inatabasamu yenyewe, vidole vinachezacheza, kope zinapepesa. Mama anamtazama na moyo unamwenda mbio. Nyanya akiwepo, atalitaja lile neno ambalo kila Mswahili analijua, na usiku huo hakuna atakayelala nyumba nzima isipokuwa mtoto mwenyewe.

Neno hilo ni degedege. Wazee wetu wa pwani walisema pia nyuni, yaani ndege, kwa kuamini kwamba kuna ndege apitaye usiku akamdhuru mtoto. Nimeanza na neno hili kwa sababu ndilo linalofanya jambo dogo liwe zito. Mara nyingi mno kushtuka kwa mtoto anaposinzia si degedege, si kifafa, wala hakuhitaji dawa yoyote, ya hospitali au ya majani. Lakini mara chache ni ugonjwa kweli, na mtoto mwenye ugonjwa huo akicheleweshwa huumia ubongo. Kwa hiyo yafaa mzazi ajue kutofautisha.

Tuanze na usingizi wenyewe. Mtoto mchanga hulala kiasi cha saa 16 au 17 kwa siku, vipande vipande. Usingizi wake si wa namna moja. Upo usingizi mtulivu, pumzi zikienda sawasawa na mwili umelegea. Na upo usingizi wa pili ambao macho huenda huku na huku chini ya kope, pumzi hukimbia kisha hupungua, uso hukunjwa na kukunjuliwa. Usingizi huu wa pili uliandikwa kitaalamu mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, huko Chicago. Aserinsky alikuwa ameanza kwa kuketi akitazama macho ya watoto wachanga waliolala, kazi ambayo nyanya zetu wameifanya miaka yote bila kulipwa.

Mtu mzima akilala huanza na usingizi mtulivu, na ule wa macho kuchezacheza humfikia baada ya saa moja au moja na nusu. Mtoto mchanga ni kinyume. Mpaka afikishe miezi mitatu hivi, yeye huingia moja kwa moja katika usingizi wa macho kuchezacheza, na karibu nusu ya usingizi wake wote ni wa aina hiyo. Ndiyo sababu tunamwona akirukaruka pale pale anaposinzia. Katika usingizi huo ubongo hufanya kazi karibu sawa na wa aliye macho, ila kwenye shina la ubongo na uti wa mgongo kuna breki inayozuia amri zisifike kwenye misuli. Breki ya mtu mzima inashika vizuri. Ya mtoto bado inatengenezwa, na nyaya za neva zake bado hazijavikwa mafuta yote yanayozifanya zipeleke habari kwa utaratibu. Amri chache huponyoka, na mkono unaruka.

Je, ni kasoro tu ya ujenzi usiokamilika? Zamani wataalamu wengi walidhani hivyo, au walisema mtoto anaota. Mark Blumberg wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, amewachunguza kwa miaka mingi watoto wa panya na baadaye watoto wa binadamu, akaona jambo jingine. Kiungo kinaporuka usingizini, habari ya kuruka huko hurudi kwenye ubongo ikiwa safi, bila kelele za mambo mengine. Mtoto aliye macho akitupa mkono, ubongo huipunguza habari ile kwa kuwa ulishajua kwamba ndio ulioagiza. Usingizini haupunguzi. Kwa njia hiyo ubongo hujifunza mkono huu uko wapi, kidole kile kinaitikia nerva ipi. Mimi humfananisha na fundi wa umeme kwenye nyumba mpya ambayo bado haijahamiwa: anawasha swichi hii, anatazama ni taa gani imewaka, anazima, anakwenda kwa nyingine. Akina mama wa Meru wanaupenda mfano huu, labda kwa sababu nyumba nyingi huku ndiyo kwanza zinafungwa stima.

Kushtuka kwa pili ni kwa namna nyingine, na hakutokani na usingizi peke yake. Mtoto anapolazwa kitandani haraka, au mlango ukibamizwa, hutanua mikono yote miwili, vidole vikafunguka, kisha huirudisha kifuani kama anayekumbatia, na mara nyingi hulia. Daktari Ernst Moro, aliyefanya kazi Ujerumani, aliieleza hali hii mwaka 1918 na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Sisi katika kliniki tunaitafuta kwa makusudi. Mtoto mchanga asiyeshtuka kabisa, au anayetanua mkono mmoja tu huku mwingine umelala, ndiye anayetutia wasiwasi, kwa sababu huenda mshipa wa bega uliumia wakati wa kuzaliwa. Hali hii huisha kati ya miezi mitatu na sita. Dawa yake ni kumlaza taratibu: matako kwanza, kisha mgongo, kichwa mwisho, na mkono wako ubaki kifuani mwake kidogo kabla ya kuutoa.

Mtoto akikua, na hata sisi wakubwa, kuna ule mshtuko mmoja wa ghafla wakati lepe la usingizi linapokuja, unahisi kama umeteleza ngazi. Watu wengi wameupata. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukuelezea kwamba ameota anaanguka. Atalia tu na kukushika shingo. Uchovu mwingi huuzidisha, na majani ya chai pia, jambo nitakalolirudia. Wengine wa umri huo hujibembeza au kugongagonga kichwa kwenye mto kabla ya kulala. Hilo nalo kwa wengi huisha kufikia miaka mitano.

Sasa niseme juu ya hali inayowachanganya hata wahudumu wa afya. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Marekani, Coulter na Allen, waliandika juu ya watoto wachanga waliokuwa wakirusha mikono na miguu kwa mfululizo wakiwa usingizini, mapigo baada ya mapigo, dakika nzima na zaidi, lakini walipoamshwa yakakoma papo hapo. Kipimo cha umeme wa ubongo kilikuwa sawa. Hali hii huanza katika wiki mbili za mwanzo na kwa kawaida humalizika kabla ya miezi sita. Haiachi athari. Mtu akiiona mara ya kwanza, hata muuguzi, huapa kwamba ni kifafa.

Mwaka juzi alinijia binti wa kutoka Kisauni, ameolewa huku Meru, mtoto wake wa kwanza ana wiki tatu. Mavyaa wake, mama mwema sana, alikuwa amemfunika kitoto mablanketi matatu akisema ni baridi inayomtetemesha. Mama yake mzazi kwa simu kutoka pwani alikuwa akisisitiza mtoto afukizwe. Na kabla ya kufika kwangu, zahanati moja ilikuwa imempa dawa ya kifafa. Kitoto kilikuwa kimelegea, hakinyonyi vizuri, na bado kikilala mikono inarukaruka. "Dada," akaniambia, "kila mtu ana ugonjwa wake, sasa mwanangu ana upi?" Tulimlaza, tukangoja. Alipoanza kurusha mikono nilimwambia mama amwamshe kwa kumpapasa unyayo. Akafumbua macho, mikono ikatulia kabisa. Akalala tena, ikaanza. Tukamwamsha, ikaisha. Daktari wa watoto alimpima, akaagiza ile dawa iondolewe kwa utaratibu wake, na mtoto akarudia kunyonya kama anayelipiza. Wako watoto ambao dawa za namna hiyo huwazidishia mirusho badala ya kuipunguza, na wote huwatia usingizi mzito wasile. Nawaomba wazazi lakini, msiache dawa ya kifafa kwa uamuzi wenu wenyewe. Kuikatiza ghafla kuna hatari yake.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni hilo: mwamshe. Mshtuko wa usingizi haumfuati mtoto akiwa macho. Degedege halijali kwamba umemwita. La pili, tazama macho. Katika usingizi wa kawaida kope zimefumba na macho yanachezacheza chini yake. Katika degedege mara nyingi macho yako wazi, yamegeuka upande mmoja au yamepanda juu, hayakufuati. La tatu, angalia rangi ya midomo na pumzi. La nne, anapoamka, je, ni yeye yule? Ananyonya, anatazama, analia kilio chake? Jaribio la kushika mkono unaoruka nalo husaidia kwa mtoto aliye macho: kutetemeka kwa njaa au kwa upungufu wa sukari hutulia ukimshika, degedege utalihisi likiendelea chini ya kiganja chako. Lakini kwa mtoto aliyelala jaribio hilo lisikupotoshe, kwani mirusho ya usingizi wakati mwingine huzidi akishikwa, na huzidi pia akibembezwa.

Sisi wa pwani hofu yetu haikutoka hewani. Malaria imetuulia watoto wengi, na malaria ikipanda kichwani huja na degedege. Kilifi, ambako taasisi ya KEMRI imefanya utafiti pamoja na Wellcome Trust tangu 1989, madaktari walionyesha katika miaka ya tisini kwamba watoto wengi waliopoteza fahamu kwa malaria walikuwa na degedege lisiloonekana kwa urahisi: jicho limekwenda upande, mate yanatoka, kidole kimoja kinachezacheza, pumzi haziendi sawa. Yaani dalili ndogo inaweza kuwa jambo kubwa ikiwa mtoto ana homa na haamki. Na ng'ambo ya mpaka, utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa 1996 ulieleza jinsi wazazi walivyolitenga degedege na malaria, wakaliona ni ugonjwa wa kienyeji, na wengi wakaanza kwa mganga. Ilikuwepo pia imani, nami nimeisikia kwa masikio yangu utotoni, kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa. Mtoto aliyecheleweshwa siku mbili kwa sababu hiyo alifika hospitali amekwisha, akapigwa sindano, akafariki, na imani ikapata ushahidi.

Mtoto akipata degedege la kweli, mlaze ubavu, legeza nguo, ondoa vitu vigumu karibu naye, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, usimwagie maji ya baridi. Likipita dakika tano, au akiwa na homa, au asipozinduka vizuri, ni hospitali, usiku huo huo. Kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano homa yenyewe, hata isiyo ya malaria, inaweza kuleta degedege fupi lisiloacha athari. Lakini aliyeko nyumbani hawezi kujua ni homa ipi, kwa hiyo kipimo ni lazima.

Huku Meru mambo yana sura nyingine kidogo. Mji uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Embu chini yake kidogo, na mbu wa malaria hawasitawi sana kwenye baridi hii. Ukishuka Tharaka, au upande wa mashamba ya mpunga ya Mwea, hali ni nyingine. Hatari ninayoiona zaidi ni ya safari. Familia zetu zinakwenda Mombasa au Lamu wakati wa likizo, mtoto aliyezaliwa Meru hana kinga, anaumwa na mbu kule, anarudi huku, na wiki mbili baadaye anapata homa wakati hakuna anayewaza malaria. Mwambieni mhudumu kwamba mlisafiri. Asipouliza, semeni nyinyi.

Baridi ina madhara mengine, nayo ni nguo. Mtoto wa huku hufungwa mablanketi na kofia, ngozi isione jua miezi mitatu minne, hasa Juni na Julai mawingu yanapoufunika mlima. Jua ndilo linaloisaidia ngozi kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo mwili haushiki kalisiamu. Kalisiamu ikishuka sana mtoto hutetemeka, misuli hukaza, na anaweza kupata degedege hasa, bila homa. Baadaye miguu hupinda. Hili halitokei usingizini tu, ndiyo sababu narudia kusema: mtazame mtoto akiwa macho. Mtoto wa pwani analo jua la kutosha, ila na kwetu wapo wanaofichwa ndani siku arubaini na kuendelea. Dakika chache za jua la asubuhi mikononi na miguuni hazivunji desturi yoyote.

Halafu kuna chakula. Embu ni mahali maarufu katika elimu ya lishe. Kuanzia 1998, Charlotte Neumann wa Los Angeles na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliongoza utafiti katika shule 12 za Embu. Watoto wengine walipewa githeri iliyotiwa nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyozidishwa mafuta, na kundi la nne halikupewa chakula. Waliokula nyama walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili. Damu zao kabla ya hapo zilionyesha kwamba wengi walikuwa na upungufu wa vitamini B12, ambayo hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Hilo linahusu usingizi kwa njia hii: mama mwenye upungufu huo humnyonyesha mtoto maziwa yenye upungufu, na mtoto anaweza kulegea, kuchelewa kukaa, na kutetemeka. Madini ya chuma yakipungua, watoto wakubwa kidogo husumbuliwa na miguu isiyotulia kitandani, wakapiga teke usiku kucha. Na chai, ambayo huku hupewa mtoto wa mwaka mmoja katika kikombe chake mwenyewe, huzuia mwili kufyonza chuma cha kwenye mboga na maharagwe, juu ya kumnyima usingizi. Sina ugomvi na chai ya Meru, ni chai nzuri sana. Ni ya wakubwa.

Miraa pia siwezi kuiacha, na nikiwa Meru nasema kwa sauti ya chini. Viamshi vilivyomo kwenye miraa hupita kwenye maziwa ya mama. Anayenyonyesha asitafune, na hili nawaambia dada zangu wa pwani pia, maana magari ya miraa hayasimami Maua.

Mtoto wa siku chache anayekakamaa akiguswa, taya zimefunga, ameacha kunyonya, ni suala la pepopunda. Nenda hospitali mbio. Chanjo kwa mama mjamzito ndiyo kinga.

Iko hali moja ambayo hudharauliwa kwa kuwa inaonekana ndogo. Mtoto wa miezi mitatu hadi kumi na miwili, aghalabu miezi minne hadi saba, anaanza kuinamisha kichwa na kukunja mikono kwa ghafla, sekunde moja au mbili, kisha tena, kisha tena, mara kumi au ishirini mfululizo, zaidi anapotoka usingizini. Baina ya mikunjo anaweza kulia. Daktari William James West wa Uingereza aliieleza mwaka 1841 katika jarida la Lancet, na mgonjwa wake alikuwa mwanawe mwenyewe. Daktari mkubwa wa London aliyemshauri alikuwa akiita hali hiyo degedege la salaam, kwa kuwa mtoto huinama kama anayesalimu. Baadhi ya mama huku hudhani ni tumbo linamsokota. Dalili ya kuogofya ni kwamba mtoto aliyekuwa akicheka anaacha kucheka, aliyekuwa akishika kichwa anakiachia. Huu ni ugonjwa wa ubongo, dawa zipo, nyingine si ghali, na wiki chache za kuchelewa zina tofauti kubwa. Mtoto huyu asingoje tarehe ya kliniki.

Kwa yote haya, chombo chenye msaada kuliko vingi ni simu uliyo nayo. Mtoto akifika mbele yetu huwa ametulia, ametabasamu, na mama anabaki kuigiza kwa mikono yake jinsi ilivyokuwa. Piga video. Dakika moja inatosha, taa iwashwe, blanketi iondolewe ili mikono, miguu na uso vionekane, na katikati ya video umwamshe ili tuone kama inakoma. Andika saa, umri wake kwa wiki, kama alikuwa na homa, na kama alikuwa anasinzia au anaamka. Beba na kitabu chake cha kliniki, tujue alizaliwaje na alilia mara moja au la.